Kuvuta mtumbwi, kushusha nanga, kufika kivukoni

(Maneno ya mwendesha boti wetu kwenye mkutano wa wanachama, Kasongo)



Komite iliniomba niseme juu ya boti. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kiangazi kilichopita nilikuwa navuta mtumbwi wa mchele toka kwenye kinywa cha Luama. Nilifunga kamba kwenye kona moja tu ya nyuma ya boti, na niliacha wamama wawili wakae juu ya magunia, maana walisema wanachunga mali yao. Nilipokata kona kukwepa mchanga, kamba ilivuta mtumbwi kwa ubavu, ukajaa maji, ukalala. Wamama tuliwashika kwa kasia. Magunia sita yalikwenda na maji. Ule mchele ulikuwa mavuno ya kwanza ya watu waliorudi kijijini mikono mitupu. Ndiyo sababu nasimama hapa.

Mto wetu munaujua. Juu, chini kidogo ya Kongolo, kuna Milango ya Jehanamu. Chini, toka Kibombo kwenda Kindu, kuna mawe na maporomoko. Wabelgiji walijenga reli ya Kindu mpaka Kongolo, juu mashua zao hazikuweza kupita kule. Sisi tuko katikati, pale maji yanaonekana matulivu. Lakini mota ikizimika, mto hautungojei.

Kuvuta. Funga kamba moja kwenye kona mbili za nyuma ya boti, ifanye kama herufi V, na kamba ya kuvuta itoke katikati. Hapo boti inasikia usukani. Kwenye mtumbwi, funga mbele, chini, karibu na maji. Mzigo uelekee nyuma kidogo ili pua ya mtumbwi iinuke. Ondoka polepole mpaka kamba ikazike, ndipo uongeze mota. Ukipunguza ghafula, mtumbwi utakuja kukugonga, na kamba italegea na kuingia kwenye elisi. Mtu asisimame kwenye mstari wa kamba: ikikatika inarudi kama fimbo. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kikae karibu na mkono. Mtumbwi ukianza kuzama, kata. Mchele tutalima tena.

Na mtumbwi unaovutwa haubebi mtu. Hata mwenye mali. Hata mtoto wa chifu.

Nanga. Ndiyo breki yetu mota ikifa, kwa hiyo ikae mbele, kamba yake imefungwa tayari, haikufunikwa na magunia. Ishushwe polepole, isirushwe, na miguu ikae mbali na kamba iliyokunjwa. Maji yakiwa na kina cha meta 3, toa kamba meta 15 au zaidi. Kamba fupi inainua nanga, haishiki mchanga. Kisha angalia miti miwili ya ng'ambo, moja mbele ya mwenzake. Ikiachana, nanga inakokota. Usifunge nanga nyuma hata siku moja! Nyuma ndiko kuna uzito wa mota na ubao mfupi. Maji yanapanda yanaingia, na boti inazama kwa dakika chache.

Kufika. Hata kama umetoka juu, pita kivuko kidogo, geuka, uje ukiangalia mkondo. Ukipanda mkondo polepole unaweza kusimama karibu na kingo na boti bado inakusikia. Ukishuka nao, mto ndio unaendesha. Funga kwanza kamba ya mbele, upande wa juu. Usizuie boti kwa mkono wala mguu; tumia upondo. Watu wabaki wamekaa mpaka kamba mbili zifungwe na mota izimwe. Wote wakisimama upande mmoja, boti inapinduka penye maji ya magoti. Na watoto wanaogelea pale: elisi haimjui mtoto.

Najua siku ya soko namna inavyokuwa. Watu wanapiga kelele, huyu ni shemeji, yule ana mgonjwa wa kupeleka Kasongo, mwingine anasema «twende tu, Mungu yupo». Mwendesha boti peke yake hawezi kukataa. Kwa hiyo naomba komite iandike sheria hii na kuibandika kivukoni, ili nikisema hapana, iwe ni chama chote kinasema.

Kwa wafadhili: hatuombi mota kubwa zaidi. Tunaomba kamba nzuri, nanga ya pili, na jile za kuokoa maisha zinazotosha kila abiria.