Funzo la Rufiji kwa Safari za Anga



Tarehe 3 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliingia katika delta ya Rufiji, eneo ambalo leo limo katika Wilaya ya Kibiti. Makaa yake ya mawe yalikuwa yamepungua mno. Nahodha wake, Max Looff, alitoka kwenda Unguja, ambako tarehe 20 Septemba aliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, kisha akarejea mafichoni. Mitambo ya meli ilipoharibika, sehemu zake zilikokotwa na watu hadi Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa. Mitambo ikapona, lakini makaa ya kutosha kwa safari ndefu hayakupatikana. Waingereza walikwisha kuizingira delta, na meli ya shehena iliyotoka Ujerumani ilishambuliwa Aprili 1915 katika ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Makaa yake hayakufika Rufiji. Tarehe 11 Julai, 1915, Königsberg ikaangamizwa humo humo mtoni.

Katika delta hiyo hiyo majahazi yalikuwa yakija kuchukua boriti za mikoko na kuzipeleka Uarabuni. Kaskazi iliyaleta, kusi ikayarudisha. Hayakubeba hata pishi moja ya makaa, kwa kuwa nguvu ya safari yaliikuta njiani.

Tofauti baina ya vyombo hivyo ndiyo kiini cha suala linalowashughulisha wataalamu wa safari za anga. Roketi Saturn V, iliyowapeleka watu Mwezini mwaka 1969, ilikuwa na uzito wa takriban tani 2,900 ilipoondoka ardhini. Chombo kilichowarudisha wasafiri wake watatu kilikuwa na uzito wa chini ya tani 6. Sehemu kubwa ya uzito ule ilikuwa mafuta, na mengi ya mafuta hayo yalichomwa ili kuyanyanyua mafuta mengine. Kila kilo ya mafuta ya kurudia hudai kilo nyingi za mafuta ya kwendea. Gharama ya namna hiyo huifanya safari ya Mirihi kuwa mzigo mzito hata kwa mataifa tajiri.

Kwa sababu hiyo wataalamu wametafuta njia ya kuyatengeneza mafuta huko huko yanakohitajiwa. Mwaka 2009 chombo cha Marekani kilithibitisha kuwapo kwa maji yaliyoganda katika shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Maji yakitenganishwa kwa umeme hutoa hidrojeni na oksijeni, ambazo zote mbili huendesha roketi. Hewa ya Mirihi nayo ni hewa ya ukaa kwa kiasi cha asilimia 95. Hewa hiyo ikichanganywa na hidrojeni penye joto na kichocheo hutoa methani na maji, kama alivyogundua mkemia wa Kifaransa Paul Sabatier.

Mwaka 1990 wahandisi wa Kimarekani Robert Zubrin na David Baker walitoa pendekezo juu ya msingi huo. Chombo kisicho na mtu kitangulie Mirihi kikiwa na tani 6 za hidrojeni, kitengeneze humo zaidi ya tani 100 za methani na oksijeni, na watu wasiondoke duniani mpaka ithibitike kwamba tangi la kurudia limejaa.

Hata hivyo, hapana budi kutofautisha baina ya mali iliyopo na mafuta yaliyo tayari. Gesi ya Songosongo, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani hiyo hiyo, iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, baada ya kujengwa mtambo wa kuisafisha na bomba linalovuka mto Rufiji. Kwa miaka 30 mali ilikuwapo, wala haikuwasha taa hata moja. Huko Mirihi, kati ya mwaka 2021 na 2023, mtambo mdogo uitwao MOXIE ulifanyiwa kazi mara 16 ukatoa jumla ya gramu 122 za oksijeni. Ili kuwainua watu wanne kutoka Mirihi zitahitajika takriban tani 25. Njia imethibitishwa kuwa ya kweli. Kilichobaki ni mitambo mikubwa, umeme wa kuiendesha, na mafundi wa kuitengeneza kwa namna itakayofanya kazi miezi mingi pasipo mtu wa kuikarabati.

Kazi hiyo huanzia darasani. Mwalimu wa kemia afundishapo jinsi umeme unavyoyatenganisha maji, au jinsi hewa ya ukaa inavyogeuzwa methani, anafundisha jambo litakaloamua kama binadamu atafika Mirihi na kurudi. Looff aliingia Rufiji kwanza, ndipo akangoja makaa. Wanaokusudia kwenda Mirihi wanatakiwa kuugeuza utaratibu huo: mafuta yatangulie, watu wafuate.