Jina la Kuandikiwa na Jina la Kuzikiwa: Asili na Uenezi wa Majina Adimu ya Koo Mbuchi na Delta ya Rufiji



Nimepewa mada ya majina ya koo, na sitaanza na nadharia, nitaanza na daftari. Nilipokuwa mwalimu kijana huku kwenye delta, kazi yangu ya kwanza kila mwaka mpya ilikuwa kuandikisha darasa la kwanza. Mzazi anaingia na mwanawe, tope la mikoko bado halijakauka miguuni, nami nauliza. Mtoto anaitwa nani? Salumu. Salumu nani? Salumu Juma. Juma nani? Mama mmoja alipofika hapo alinyamaza, akanitazama kama mtu aliyeulizwa ya chumbani mwake, kisha akasema: "Mwalimu, hilo la tatu unataka la kuandikiwa au la kuzikiwa?"

Nilikuwa na foleni ya watoto nyuma yake. Nikasema la kuandikiwa. Akanipa Omari, nikaandika Omari, tukaendelea. Miaka mingi baadaye nilikwenda kumzika babu wa mtoto yule, na pale makaburini nikasikia mzee akiutaja ukoo wao kwa sauti. Lilikuwa jina ambalo sikuwahi kuliona katika daftari lolote, wakati nusu ya kitongoji ilikuwa imepita mikononi mwangu. Siku ile ndipo nilipofahamu nilichokuwa nikikifanya kwa kalamu yangu. Mada hii imetoka pale.

Hoja yangu ni hii. Tunapoambiwa jina fulani la ukoo ni adimu, tuulize kwanza ni adimu wapi: katika watu au katika karatasi? Kwetu Mbuchi, mara nyingi uchache ni wa karatasi.

Wenzetu wa Italia wana hesabu tofauti, na ni vizuri kuitazama kwa sababu watafiti wengi wa majina huiga njia yao. Mtu wa Italia mwenye jina lisilo la kawaida hufungua orodha za watu wa nchi nzima, akahesabu, na mara nyingi hukuta jina lake limejikusanya katika mji mmoja mdogo, na wachache waliohama. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu mapadri wao wameandika majina tangu zamani. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliagiza maparokia yaweke vitabu vya ubatizo na ndoa, na serikali ya Italia iliyoungana ikaanza vitabu vyake vya uzazi, ndoa na vifo mwaka 1866. Jina likishaingia mle linaganda. Rossi, jina lililoenea kuliko mengine yote, lilianza kama lakabu ya mtu mwekundu wa nywele au sura. Ferrari ni mhunzi. Esposito ni jina walilopewa watoto wachanga walioachwa Napoli, wasiojulikana wazazi wao, na leo ni moja ya majina makubwa ya kusini mwa nchi. Hakuna anayemtazama Esposito wa leo akamwona mtoto wa kuokotwa. Lakabu iliganda, wajukuu wakairithi kama mali.

Kwetu lakabu haigandi. Desturi yetu ya kuandika ni jina lako, la baba, la babu. Tuchukue mtu mmoja wa zamani, hodari wa kukata boriti, aliyepewa lakabu na wenzake kwenye mikoko ikamfunika hata jina la kuzaliwa likasahaulika. Mwanawe ataandikwa kwa jina lake akifuatiwa na lakabu ya baba. Mjukuu ataandikwa jina lake, la baba yake, kisha lakabu katika nafasi ya tatu. Kitukuu je? Nafasi zimekwisha. Kwa vizazi vitatu jina limetoka katika karatasi, na ukoo bado upo, unalima, unavua, unaoa na kuzaa. Ukiongeza desturi yetu ya kumpa mjukuu jina la babu, mambo yanazidi kujikunja: Juma Salumu Juma anamzaa Salumu Juma Salumu, naye anamzaa Juma Salumu Juma. Mgeni akifungua rejista ataona watu wawili wanaozunguka milele, na ukoo hatauona hata kwa taa.

Ila kuna wanaoligandisha. Nawaomba mtazame majina ambayo ni ya wazi kwa kila mtu, ya waliotuwakilisha bungeni. Jimbo la Kibiti limewahi kuwa na Abdul Jabiri Marombwa, kisha Ally Seif Ungando, kisha Twaha Ally Mpembenwe. Rufiji imekuwa na Idris Ali Mtulia na Mohamed Omary Mchengerwa. Tazameni yalivyopangwa: mawili ya mwanzo yamekuja na dini, yangepatikana Tanga, Unguja au Maskati bila mtu kushangaa. La tatu ndilo linalosema mtu huyu katoka wapi. Ukisikia Mpembenwe husubiri kuambiwa ni wa upande gani wa nchi. Sasa muwekeni kati yao Seif Suleiman Rashid, aliyeiwakilisha Rufiji kuanzia 2010 hadi 2015. Majina matatu, yote mazuri, na hakuna hata moja linalokupeleka Rufiji. Kwa mwenye kuhesabu majina ya koo, wale watano wanaonekana na huyu wa sita haonekani.

Na hapa pana mtego mwingine. Kinondoni nayo mwaka 2015 ilimchagua mbunge aitwaye Maulid Mtulia. Mtu wa haraka atachora mstari kutoka Rufiji hadi Kinondoni na kusema ukoo umehamia mjini. Lakini Mtulia ni jina ambalo sikio la Mswahili yeyote linasikia kutulia ndani yake, na watu watulivu wamezaliwa kila mahali. Jina la maana nyepesi linaweza kuota penye shina zaidi ya moja. Kufanana kwa majina kusichukuliwe kuwa ushahidi wa damu mpaka wazee wa pande zote mbili wakae, wataje walikotoka na waliowazika.

Nimesema watu wanaligandisha jina. Nani hasa? Nimeona mara nyingi ni aliyetoka nyumbani. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja: mkubwa alibaki Mbuchi, akaandikwa jina la babu. Mdogo akapelekwa kwa mjomba Mbagala kusoma, na mjomba, kwa uchungu wa kuwa ugenini, akamwandikisha kwa jina la ukoo. Leo watoto wa mkubwa na watoto wa mdogo wana majina tofauti ya mwisho, na ukitafuta jina la ukoo huo utalikuta Dar es Salaam kuliko Mbuchi. Mtafiti atahitimisha kwamba asili yake ni Temeke! Kwa Italia, mahali jina lilipojaa ndipo lilipozaliwa, au karibu na hapo. Kwetu, mahali jina lilipojaa katika karatasi huenda ndipo lilipokimbilia.

Uhamaji wenyewe una historia. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji iliwatoa watu wa bondeni, waliokuwa wakiishi karibu na mashamba yao na kulala kwenye madungu kulinda mpunga, ikawaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Koo zilizokuwa kila moja na ziwa lake au ukingo wake wa mto zikajikuta mtaa mmoja, na mjumbe akiandika orodha ya kaya kwa siku moja. Sisi wa visiwa vya delta tuliguswa kidogo kuliko wa bondeni, na nadhani hiyo ni sababu moja inayofanya wazee wa delta wakumbuke bado ni ukoo upi ulikuwa na mkondo upi. Kisha likaja Daraja la Mkapa mwaka 2003, na barabara ikawachukua vijana waliokuwa wakichukuliwa na jahazi.

Sasa niseme kuhusu tahajia, jambo linaloniuma zaidi kwa kuwa nami nimeshiriki. Lugha za kwetu zina l mahali ambapo karani anaandika r. Mwanaisimu Eva-Marie Ström, aliyeandika sarufi ya lugha ya Wandengereko mwaka 2013, aliiandika Ndengeleko, kwa l. Kama jina la kabila zima lina sura mbili, majina ya koo je? Na si l na r pekee. Mtu wa upande wetu anayejulikana kuliko wote duniani ni yule wa Ngarambe, aliyetoa maji ya vita na kunyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya 1969, amemwita Kinjeketile. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee, amemwandika Kinjikitile. Irabu mbili zimebadilika, na mashine ya kutafutia majina itakwambia ni watu wawili. Jina lake la pili, Ngwale, wengi hawalikumbuki hata kidogo. Ikiwa shujaa mwenye tamthilia na vitabu yamemkuta hayo, fikirini mvuvi wa Mbuchi.

Nilimsaidia mzee mmoja kufuatilia karatasi zake. Cheti cha shule cha mwanawe kilikuwa na jina la ukoo kwa herufi moja, kadi ya kliniki kwa herufi nyingine, na kitambulisho hakikuwa na ukoo kabisa bali jina la babu. Ofisi moja ilimwambia alete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba mtoto ni wake. Alifunga safari mbili za mtumbwi na basi kwa ajili ya herufi moja. Aliporudi mara ya pili aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba hakuona tabu ya nauli, aliona tabu ya kusimama mbele ya mtu na kuapa jina la baba yake kana kwamba analidai.

Zamani kosa la karani lilibaki katika daftari lake. Leo halibaki. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, jina lililo NIDA ndilo lililo kwenye simu, na ndilo linalotokea unapotuma pesa. Mama wa Mbuchi anamtumia mwanawe nauli, kioo kinamwonyesha jina la mpokeaji, anasita: huyu nani? Ni mwanawe, kwa jina la kuandikiwa. Huku ndiko kuganda kwetu, Ndugu Mwenyekiti. Kilichofanywa Italia na vitabu vya parokia kwa mamia ya miaka, kwetu kinafanywa kwa muda mfupi na fomu yenye nafasi ya jina la mwisho. Litakaloandikwa sasa ndilo litakalorithiwa. Kwa hiyo sina haja ya kuwalaumu waliotangulia, ila nina haraka.

Kuhusu upande wa mama nitakuwa mfupi ingawa hapo ndipo pana hazina. Majirani zetu Wazaramo wana mtala, jina linalotoka kwa baba na kutumika katika kusalimiana, huku ukoo ukifuatwa kwa mama. Mtu mmoja ana pande mbili na zote zinatajwa. Fomu ina nafasi ya upande mmoja. Ukoo ambao kizazi fulani kimejaliwa mabinti watupu unafutika mara moja katika karatasi, hata kama mabinti hao wana wajukuu thelathini wanaoujua vizuri na wanaokwenda kuzikana kwa ajili yake.

Basi tuhesabu namna gani? Mimi nimejaribu hivi. Sikuanza na rejista, nilianza na misiba. Kwenye hitima watu hutaja nani wa nani, na wakikosea hurekebishwa hapo hapo na mtu mwenye haki ya kurekebisha. Nikaenda kwenye arusi, ambako watani husema ukweli ambao ndugu wanauficha. Kisha ndipo nikachukua majina hayo na kuyatafuta katika madaftari ya shule, na kila nilipokuta mtu yupo lakini ukoo haupo, niliweka alama. Alama ni nyingi kuliko majina. Nimeandika kila jina kama mwenyewe anavyolitamka, na pembeni jinsi linavyosomeka katika cheti, bila kuamua lipi ni sahihi.

Daftari nimekuja nalo, lipo hapa mezani. Lina safu sita: jina la mtu, ukoo wa baba, ukoo wa mama, mahali ukoo unaposema ulitoka, tahajia ya cheti, na jina la mzee aliyenipa habari, ambalo sitalisoma hadharani bila idhini yake. Safu ya ukoo wa mama iko wazi katika kurasa nyingi, kwa sababu nilizoea kuwauliza wanaume. Leo naona wamekuja bibi zetu wa Mbuchi, wamekaa kule nyuma kwenye jamvi. Naomba baada ya sala ya adhuhuri wapewe viti hapa mbele, tuanze na safu hiyo.