Ngonjera ya Mizani

Mimi nilikwenda Chuo cha Ualimu Butimba kusomea hesabu. Mkufunzi akatuambia kila mmoja atunge ngonjera. Watu wa hesabu tukatazamana!

Ngonjera ni mashairi ya kujibizana. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, ndiye aliyezieneza. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, zilisikika sana mashuleni na mikutanoni.

Basi nikatunga ya mvuvi na mnunuzi. Mvuvi anasema sangara wake ni kilo 8. Mnunuzi anasema 6. Maneno ya mvuvi yalikuja upesi. Lakini mnunuzi naye lazima ajibu, tena ajibu vizuri, la sivyo si ngonjera. Nikashuka mwaloni Igombe kuwasikiliza wanunuzi. Mmoja anatoa uzito wa beseni. Mwingine anatoa na uzito wa maji. Beseni sawa, lakini maji yapimwe kwa macho?

Siku hizi darasani kwangu kutoa hakuanzii ubaoni. Wawili wanasimama, wanagombania zile kilo 2. Juzi mama mmoja akauliza: "Mwalimu, kabla ya samaki kuwekwa, mshale ulikuwa kwenye sifuri?"

Swali hilo halikuwamo katika ngonjera yangu. Nimeliongeza.