Maneno Makubwa Tuliyotoka Nayo Jabe

Hotuba ya mwalimu wa sekondari, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni, Kakuma, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni

 

Kamati imeniomba niseme neno juu ya elimu ya juu. Kwa kuwa juu ya elimu kwa jumla mmekwisha sikia hotuba nyingi, nyingine ndefu, mimi nimechagua jambo moja tu: yale maneno magumu ya Kiingereza yanayotakiwa katika mtihani uitwao GRE. Huo ni mtihani ambao vyuo vikuu kadhaa vya Marekani na kwingineko huutaka kwa mtu anayeomba kusomea shahada ya pili au ya tatu.

Tunao hapa kambini vijana waliosoma hadi chuo kikuu, Bujumbura na Bukavu, na walisoma kwa Kifaransa. Wakifika Kakuma, ambako shule zinafuata mtaala wa Kenya na barua za ofisini ni za Kiingereza, hujiona kama mtu aliyefika sokoni na noti za nchi nyingine. Vyeti wanavitia katika mfuko wa plastiki, wanavilaza chini ya godoro. Wachache wenye moyo huazima kitabu chenye orodha ya maneno 3,500, ile iliyojulikana sana kwa vitabu vya Barron's, wakaanza na herufi A. Sijaona bado aliyefika M.

Nimesimama hapa kuwaambia kwamba zile noti zinabadilishika.

Mimi ni mtoto wa Jabe. Kwa wasioijua, Jabe ni mtaa wa Bujumbura, jirani na Buyenzi na Bwiza. Pale mtu huongea Kirundi na mama yake, Kiswahili barabarani, Kifaransa darasani. Kiingereza kilikuja nyuma: Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sasa niulizeni, ni nani Jabe aliyejifunza Kiswahili kwa orodha? Hakuna. Aliyetaka jina la kifaa cha gari alikwenda kwa mafundi wa Buyenzi, akalisikia likitumika, akalitumia ovyo, akachekwa, na tangu siku hiyo hakulisahau.

Turudi kwenye Kiingereza. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka kaskazini ya Ufaransa waliivamia Uingereza wakaitawala. Kwa muda mrefu lugha ya wakubwa, ya mahakama na ya karamu ikawa Kifaransa, na wakulima wakabaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana mnyama akiwa malishoni ni "cow", lakini akifika mezani anaitwa "beef", ambayo si nyingine ila ni "bœuf" yetu ya shuleni. Baadaye wanazuoni wakaongeza Kilatini kwa wingi, hata leo zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi kubwa ya Kiingereza asili yake ni Kifaransa au Kilatini.

Sisi Waswahili tusilistaajabie jambo hili. Maji, moto, jiwe, mtoto, hayo ni ya Kibantu. Sheria, hakimu, shahidi, hukumu, hayo yametoka kwa Waarabu. Ya kwanza mtoto huyapata jikoni, na ya pili siku baba anapoitwa barazani. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo, na mtihani huu unapenda sana maneno ya barazani.

Kwa hiyo sikilizeni maneno yanayowatisha wenzetu waliosoma Kiingereza tangu utoto. "Loquacious": mtu wa maneno mengi. Aliyesoma Bujumbura anajua "loquace". "Taciturn" ni "taciturne", mkimya asiyependa kuongea. "Ephemeral" ni "éphémère", kisichodumu. "Perspicacious" ni "perspicace", mwenye kuona yaliyofichika. "Magnanimous" na "pusillanimous", mwenye moyo mkubwa na mwenye roho ya woga, ni "magnanime" na "pusillanime". Mwanafunzi wa Nairobi huyakariri haya usiku kucha. Wa Jabe anayo tayari. Kazi yake ni kubadili mwisho wa neno na kujifunza matamshi.

Lakini yapo maneno yaliyovaa nguo moja na tabia mbili, na hapa nawaomba na ndugu zetu wa mashirika wasikilize. "Demander" kwa Kifaransa ni kuomba au kuuliza. "Demand" kwa Kiingereza ni kudai. Kuna barua ngapi ofisini zinazosema "I demand", zilizoandikwa na mtu mnyenyekevu kabisa, na mpokeaji akamwona mkorofi? "Assister" mkutanoni ni kuhudhuria. "Assist" ni kusaidia. "Ignorer" ni kutojua. "Ignore" ni kujua ukajitia hujui. "Sensible" ya Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa. Ya Kiingereza ni mwenye busara. "Éventuellement" ni huenda. "Eventually" ni hatimaye, na kwa anayesubiri jibu la ombi lake tofauti hiyo si ndogo.

Tena yapo yale mafupi, ya wakulima wa kale, ambayo Kifaransa hakiyasaidii hata kidogo: "dearth", uhaba, "wane", kufifia kama mwezi, "shun", kukwepa, "belie", kuonyesha kinyume cha ukweli. Haya ndiyo ya kuandika kwenye daftari, na kila moja liwe ndani ya sentensi nzima. Neno pekee halishiki akilini.

Sababu nyingine ya kuandika sentensi ni mtihani wenyewe. Vitabu vingi tulivyopewa kama msaada ni vya zamani, vina maswali ya kutafuta kinyume cha neno na ya kulinganisha jozi za maneno. Maswali hayo yaliondolewa mwaka 2011. Siku hizi mtahiniwa hupewa sentensi yenye pengo akalijaza, au huchagua maneno mawili kati ya sita yanayoipa sentensi maana moja, na husoma vifungu vya habari. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa: wote hauzidi saa mbili, na upande wa lugha una maswali 27 kwa dakika 41. Kitabu cha kale kitumieni kwa vifungu vya kusoma. Kurasa za vinyume zirukeni.

Sasa fedha. Ada ni zaidi ya dola 200, na hapa sihitaji kueleza uzito wake. Kwa hiyo, kabla ya kukopa, mwandikieni idara mnayoiomba mwulize kama inautaka mtihani huu, maana tangu 2020 idara nyingi zimeuacha, au zimeufanya wa hiari. Mtihani wa kupima Kiingereza, kama TOEFL au IELTS, bado huulizwa sana. Halafu kuna suala la kitambulisho: anayefanya GRE nje ya nchi ya uraia wake hudaiwa pasipoti. Mkimbizi aanze basi na hati ya kusafiria kabla ya kamusi, na apate jibu la maandishi kutoka kwa wasimamizi wa mtihani kwamba hati hiyo itakubaliwa, ndipo alipe. Ombi langu kwa mashirika ni hili: maombi ya hati na ya ruhusa ya kwenda Nairobi yajibiwe mapema, hata kama jibu ni hapana. Tarehe ya mtihani haimngoji mtu aliyeambiwa "rudi wiki ijayo".

Kamati imekubali kutupa darasa na taa moja. Tutaanza Jumatatu ijayo, saa kumi na moja jioni, watu watano watano kila meza, mmoja asome sentensi yenye pengo na wenzake wajaze. Kina dada waje pia. Tumeweka mwisho saa moja usiku ili warudi nyumbani pamoja. Mwenye kamusi ya Kifaransa, hata iliyopoteza jalada, aje nayo.