Mazoezi ya Nyayo kwa Mama na Mtoto

Leo tunazungumza na kina mama na walezi, kuanzia Mbita hadi Oyugis, kuhusu nyayo za watoto wetu.

Pengine umemwogesha mtoto, akakanyaga sakafu kavu, ukaona alama ya wayo mzima bila nafasi katikati. Ukaogopa kwamba atakuwa mlemavu. Mama, usiogope. Nyayo za watoto wadogo huwa bapa kwa sababu zimejaa mafuta na kano zake bado ni laini. Upinde wa wayo hujitokeza polepole, kwa kawaida kabla ya miaka 10.

Mwambie mtoto asimame kwa ncha za vidole. Upinde ukionekana, na hasikii maumivu, hahitaji dawa wala viatu maalum vya bei ghali.

Upinde hushikiliwa na mifupa, kano na misuli midogo. Misuli hupata nguvu kwa kufanya kazi, kama mkono wa mvuvi anayepiga kasia kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa vijana wa Kenya waliozoea kutembea pekupeku walikuwa na nyayo zenye nguvu kuliko wenzao waliozoea viatu.

Fanyeni mazoezi haya pamoja, kila moja mara 10 kwa siku:

Kwanza, tandaza leso sakafuni, uikunje kwa vidole vya mguu.
Pili, okota vijiwe kwa vidole, uvitie bakulini.
Tatu, simama kwa ncha za vidole, kisha ushuke polepole.

Mama mjamzito, au wewe unayesimama sokoni kutwa, nyayo zako pia huchoka. Mazoezi haya yatakufaa, lakini shika ukuta usianguke. Subiri wiki kadhaa. Nguvu haziji kwa siku moja.

Fanyeni ndani ya nyumba au uani palipofagiwa. Chooni na shambani, mtoto avae viatu ili kuepuka funza, safura na misumari. Asiingie ziwani, kwani kuna kichocho.

Mtoto akichechemea, akilia kwa maumivu, wayo ukiwa mgumu, au mmoja tu ukiwa bapa, mpeleke kituo cha afya. Aliyezaliwa na wayo uliopinda kuelekea ndani apelekwe mapema, katika wiki za kwanza. Huyo hatapona kwa mazoezi wala kwa kukandwa nyumbani. Hospitalini hunyooshwa kwa plasta.

Mwambie na jirani yako.