KUANZA UPYA KATIKA UMRI WA MAKAMO: MAFUNZO YA MTAA WA EASTLEIGH

Maneno ya mazungumzo haya yamechapwa hapa kwa faida ya wasomaji wa mjini na wa mashambani.

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Maneno hayo ni ya kweli katika malezi ya watoto. Lakini mtu wa miaka arobaini na mitano aliyeachishwa kazi, au mjane aliyeachiwa nyumba na watoto, akiyachukua kuwa hukumu juu yake mwenyewe, yatamdhuru. Ataketi barazani siku nzima akijiambia kwamba wakati wake umepita. Kusudi la mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba haujapita, na mfano wake uko karibu: ni Eastleigh, mtaa wa mashariki ya Nairobi.

Mtaa huo wenyewe umeanza upya zaidi ya mara moja. Ulipoundwa mwaka 1921 wakazi wake wengi walikuwa Wahindi, na Wasomali walikuwamo tangu zamani. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, Wahindi wengi walihamia mitaa mingine, na Waafrika wakanunua nyumba zao. Kisha Januari 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa mjini Mogadishu. Vita vikaenea, na watu wengi sana wakavuka mpaka kuingia Kenya. Wengine walikaa katika kambi za Dadaab. Wengine wakaja Eastleigh, walikokuwako watu wa kabila lao.

Yafaa kufikiri hali ya watu hao. Si wote waliokuwa vijana. Walikuwamo watu wazima waliokwisha kuwa na maduka, nyumba na kazi za heshima, na yote hayo yalibaki nyuma. Vyeti vyao havikuwafaa kitu katika nchi ya ugeni, na wengi hawakujua Kiswahili.

Palikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Wakimbizi walipanga vyumba humo. Usiku walilala, na kulipokucha walitandaza bidhaa juu ya vitanda vile vile wakauza. Wanawake walikuwa miongoni mwa walioongoza katika biashara hiyo. Wateja waliongezeka, hata nyumba ile ya kulala ikageuzwa kuwa jengo la maduka. Wengine wakaona faida yake, wakajenga majengo makubwa zaidi, na wanunuzi wa jumla wakawa wakifika kutoka nchi za jirani.

Haifai kudhani kwamba wote walifanikiwa, au kwamba aliyefanikiwa hakuanguka tena. Aprili 2014 polisi walifanya msako mkubwa mtaani. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, na biashara ikadhoofika. Baada ya hapo wako walioanza tena kwa mara ya pili. Basi watu hao wanafundisha nini?

La kwanza ni kuishinda aibu. Mtu aliyezoea kuitwa bwana mkubwa huona vigumu kuuza shati moja moja mbele ya watu waliomjua zamani. Lakini aibu haimlipii mtu kodi ya nyumba wala karo ya watoto. Anayeanza upya hana budi kukubali kuwa mdogo tena kwa muda.

La pili ni uaminifu. Katika Eastleigh iko desturi ya Kisomali iitwayo ayuuto, ambayo Waswahili huiita upatu, na wengine mchezo. Watu kumi wakitoa shilingi elfu moja kila mmoja kwa juma, kila juma mmoja wao hupokea elfu kumi kwa zamu. Hapana riba, wala dhamana ya shamba. Dhamana ni jina la mtu. Hapa ndipo mtu wa makamo anapomzidi kijana. Kijana ana nguvu, lakini watu hawajamjua bado. Mtu aliyelipa madeni yake kwa miaka ishirini ana mali ambayo vita haviwezi kuichoma, wala tajiri hawezi kumnyang'anya siku ya kumwachisha kazi.

La tatu ni elimu. Jina jema litampatia mtu mkopo, lakini halitamfundisha kazi mpya. Wageni wa Eastleigh walilazimika kujifunza Kiswahili, bei za soko na sheria za nchi, na wengine walifundishwa na watoto wao wenyewe. Kwa mwananchi wa Kenya njia ziko nyingi. Fundi aliyejenga au kutengeneza magari miaka mingi bila ya cheti aweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, kuanzia Gredi ya Tatu hata ya Kwanza. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua maarifa aliyoyapata mtu kazini bila ya kupita chuoni. Na asiyejua kusoma ana madarasa ya ngumbaru. Anayeona haya amkumbuke Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Alivaa sare ya shule, akaketi pamoja na watoto wadogo, akajifunza kusoma. Ikiwa miaka 84 haikumzuia, miaka 45 itamzuiaje mtu?

La nne ni tahadhari. Mwenye miaka ishirini akipoteza fedha zake ana muda wa kuzitafuta tena. Mwenye miaka hamsini hana muda mwingi hivyo, na nyuma yake wako wanaomtegemea. Kwa hiyo asiuze shamba la watoto, wala asitie kiinua mgongo chote katika biashara asiyoijua. Na ajaribu kwa kidogo kwanza, kama wale wa Garissa Lodge waliofanya kitanda kimoja kuwa duka. Kabla ya kulipa karo, aulize kama chuo kimeandikishwa na TVETA, mamlaka ya serikali isimamiayo vyuo vya ufundi, kwa maana wako wadanganyifu wauzao vyeti visivyo na thamani. Tena afanye shauri na mumewe au mkewe, ili fedha na saa za masomo zisije zikaleta ugomvi nyumbani.

Mabibi na Mabwana, wazee waliosema habari ya samaki walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi iliyopotea, duka lililofungwa na cheti kisichotambulika ni koleo lililovunjika. Uhunzi wenyewe, yaani akili, mkono uliozoea kazi na jina jema, umebaki kwa mwenyewe. Lakini koleo jipya halitakuja kwa kuketi barazani. Mhunzi hana budi kuinuka akalitafute.