Ubora wa Ini la Kutolewa Huanzia kwa Aliye Hai



Mkulima wa Uru hahitaji kuambiwa kwamba matunda ya kahawa yaliyochumwa asubuhi hayana budi kumenywa siku hiyo hiyo. Yakilala huchacha, wala hakuna kiwanda kitakachoyarudishia ubora wake. Ini la binadamu, likishatolewa mwilini ili apewe mgonjwa, lina tabia inayokaribiana na hiyo, ila muda wake huhesabiwa kwa saa.

Thomas Starzl, daktari wa Marekani, alipopandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1963, mgonjwa wake, mtoto mdogo, alifariki. Mwaka 1967 ndipo walipopatikana wagonjwa walioishi kwa muda wa maana. Tangu hapo ini lilihifadhiwa katika barafu, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walibuni maji maalumu ya kulihifadhi kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, baridi huchelewesha uharibifu tu, haiponyi kitu. Ini lenye mafuta mengi hasa halistahimili baridi hiyo. Damu inaporudishwa ndani yake, seli zake hufa kwa wingi. Ndiyo sababu maini mengi yaliyotolewa kwa moyo mwema yamekuwa yakitupwa, huku wagonjwa wakifa wakiwa katika foleni.

Njia mpya ni kulifanyisha ini kazi likiwa nje ya mwili. Mashine hulipitishia damu yenye joto la mwili, oksijeni na chakula, nalo huendelea kutengeneza nyongo, hata daktari akaweza kulipima kabla ya kuamua. Jaribio lililofanywa Ulaya chini ya uongozi wa madaktari wa Oxford, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, lilihusu upandikizaji 220. Kwa mashine, maini yaliyotupwa yalipungua kwa nusu. Huko Zurich, mwaka 2021, ini lililokuwa limekataliwa lilitunzwa katika mashine kwa siku tatu, likatibiwa, kisha akapandikizwa mgonjwa, naye akapona.

Wapo watakaouliza hayo yanaihusu nini Uru. Yanaihusu sana. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Waliotoa figo hizo walikuwa ndugu wa wagonjwa, watu walio hai. Ini nalo laweza kutolewa kipande, na kilichobaki kikakua tena. Basi mtoaji si mtu asiyejulikana aliyekufa ajalini. Ni kaka, shangazi au binti wa mgonjwa. Akipimwa na ini lake likaonekana limejaa mafuta au lina virusi, upendo wake wote hauwezi kusaidia. Mafuta angalau yanaweza kuondolewa. Madaktari wa Japani walieleza mwaka 2005 jinsi watoaji waliokuwa na mafuta katika ini walivyopewa mlo maalumu, mazoezi na dawa kwa muda usiozidi wiki nane, mafuta yakapungua, wakaweza kuwatolea ndugu zao.

Hapa hapana budi mbege iguswe, ingawa wapo watakaokunja uso. Kinywaji cha ndizi, ulezi na msesewe kina heshima yake katika arusi na matambiko, na si haki kukibebesha lawama peke yake. Kinachoharibu ini ni pombe ya kila siku, iwe ya kibuyu au ya chupa. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini kiu haikupigwa marufuku.

Virusi vya homa ya ini aina ya B ni adui mkimya zaidi. Mtu huweza kuishi navyo miaka mingi bila dalili, huku ini likikakamaa au kuota saratani. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Walimu wengi walizaliwa kabla ya hapo, nao hawakuipata utotoni. Yawapasa wapimwe damu, na wasio na virusi wachanjwe.

Tena kuna sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 balaa hilo lilizikumba Dodoma na Manyara. Hao walikula sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hudhoofisha ini lake pasipo kujua. Mwalimu anayesimamia ghala la shule ana wajibu wa kukataa mahindi yasiyokauka, na kutenga yenye ukungu kabla hayajasagwa kwa uji wa watoto. Wala yasipelekwe zizini kwa ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hiyo hupita hadi katika maziwa.